Kula samaki na sushi mijini Uingereza bila kuumia mfukoni wala tumboni

Sisi tuliokulia samaki tukifika Uingereza tunakutana na jambo la ajabu kidogo. Samaki wapo, tena wazuri kweli, nchi yenyewe imezungukwa na bahari, ila ukikaa mgahawani menyu haikwambii kile unachotaka kujua. Haisemi mchuzi una mvinyo, haisemi yule samaki mzima ana uzito gani, na ile asilimia itakayoongezwa juu ya bili imeandikwa chini kabisa kwa herufi za sisimizi. Kwa hiyo haya ni kwa mtu ambaye ndo kwanza anaanza kutoka kula huku, mwanafunzi, nesi, mama aliyekuja kumsalimia mwanae, yeyote yule, na kitu kimoja ntakirudia mpaka mnichoke: uliza kabla hujaoda, maana ukishaoda umeshanunua.

Kabla hata ya kuingia angalia kioo cha mlangoni. Kuna stika ya kijani na nyeusi yenye namba 0 mpaka 5, hiyo ni alama ya usafi wanayopewa baada ya maafisa wa halmashauri kukagua jiko, 5 ndo ya juu kabisa. Wales na Ireland ya Kaskazini sheria inawalazimisha waibandike, England ni hiari, kwa hiyo ukiwa London au Birmingham usipoiona mlangoni jiulize kwa nini, afu toa simu, ingia kwenye tovuti ya Food Standards Agency, andika jina la mgahawa, utaikuta. Scotland wao hawana namba, wana "Pass" au "Improvement Required", basi. Mimi mahali pa chipsi naweza kusamehe 3, ila pa samaki mbichi chini ya 5 napita kama sijaona.

Tuanze na la rahisi, chippy, yaani duka la samaki na chipsi, karibu kila mtaa unalo. Bei siku hizi sehemu nyingi ni paundi 10 kwenda juu kwa samaki na chipsi, na sahani inamtosha mtu mzima mwenye njaa, wengine wanagawana wawili. Kusini mwa England utakuta zaidi cod, Yorkshire na Scotland wanapenda haddock, wote ni samaki weupe, nyama inaachia mapande makubwa, harufu hamna, na mtu aliyezoea nguru au changu wa kupaka atawaona wamepooza kidogo, ndo maana wanakuwekea ndimu, vinega na sosi ya tartar. Miba karibu hamna, ni minofu tu, watoto wanapenda sana.

Sasa penye kazi ni kwenye mafuta. Yorkshire na sehemu kadhaa za kaskazini wanakaangia mafuta ya ng'ombe, wenyewe wanaita beef dripping na wanajivunia kabisa, wanaandika mpaka ukutani. Kwa Muislamu huyo ng'ombe hajachinjwa inavyotakiwa, kwa Mhindu ndo usiseme, na asiyekula nyama hata chipsi kavu hapo si zake. London na kusini wengi wanatumia mafuta ya mimea. Swali la pili ni unga wanaopakia samaki, sehemu nyingine hasa pub unachanganywa na bia, kwenye menyu utaona "beer battered". La tatu ambalo watu wanalisahau, kikaangio hichohicho mara nyingi kinakaanga na soseji za nguruwe. Sio vibaya kuuliza, wahudumu wanaulizwa hayo kila siku, sema tu kwa upole mnakaangia nini na soseji zina kikaangio chake? Bradford, Leicester, Birmingham na London mashariki zipo chippy zilizoandika halali mlangoni na hapo unapumua.

Ukiwa Scotland ukisema "fish supper" unapewa samaki na chipsi, ukisema "fish" peke yake unapewa samaki peke yake, usishangae chipsi hazijaja. Edinburgh watakuuliza "salt and sauce?", hiyo sosi ni ya kahawia, nyepesi, imezimuliwa na vinega, kubali ujaribu hata mara moja. Glasgow wanakwenda na chumvi na vinega na hilo ni ugomvi wa kwao tuwaachie. Yorkshire omba "scraps", zile chenga za unga zilizobaki kwenye mafuta, sehemu nyingi wanakupa bure. Njegere zao za kuponda zinaitwa mushy peas, binafsi nimeshindwa, ila nawajua Wabongo wanaoziagiza mara mbili.

Haya, sushi, chakula cha Kijapani cha wali, mara nyingi na samaki. Najua kuna mtu ameshasema samaki mbichi mimi hapana, na sikulaumu, lakini kwanza sio kila sushi ni mbichi. Kamba kwa kawaida amechemshwa, mkunga amechomwa, kuna ya yai, ya tango, ya parachichi, ya kamba wa kukaangwa, mtu anaweza kushiba bila kugusa kibichi hata kimoja. Pili hao wabichi wenyewe wana sheria zao. Uingereza samaki wa kuliwa mbichi lazima awe amegandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, ama nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15, ili minyoo ife. Salmoni wa kufugwa anaweza kusamehewa kama chakula alicholishwa hakina hatari ya minyoo. Kwa hiyo ule mnofu juu ya wali haukununuliwa asubuhi pale Feri ukaletwa na bodaboda, umepitia hatua. Na ndo sababu hiyohiyo usinunue samaki wa kawaida supamaketi ukaenda kumla mbichi nyumbani kwa sababu uliona mgahawani wanafanya.

Majina ni machache tu. Sashimi ni samaki mtupu bila wali. Nigiri ni kitonge cha wali na kipande cha samaki juu. Maki ni ile iliyoviringishwa na mwani ikakatwa vipande, temaki ni koni ya mwani ya kushika mkononi. Ukianza, anza na maki ya parachichi na salmoni, afu nigiri ya kamba, ukizoea ndo uende kwenye jodari mbichi ambaye ukweli ana ladha tulivu kuliko watu wanavyoogopa. California roll inasemekana ina kaa, mara nyingi ni vile vijiti vya samaki mweupe aliyesagwa akapakwa rangi, sio vibaya ila usilipie bei ya kaa.

Kula nigiri kuna namna yake. Mkono unaruhusiwa, tena ni sawa kabisa, kwa hiyo sisi hapo tuko nyumbani. Shika kitonge ubavuni kwa vidole, kigeuze kidogo, chovya upande wa samaki kwenye soya sosi, sio upande wa wali, maana wali unafyonza sosi yote, unamomonyoka kwenye kibakuli na unachokula kinakuwa chumvi tupu. Tia mdomoni chote kwa mara moja. Ile ya kijani pembeni ni wasabi, nyingi inayouzwa huku imetengenezwa kwa mzizi wa horseradish na haradali na rangi, haichomi ulimi kama pilipili, inapanda puani moja kwa moja mpaka machozi, weka kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, usije ukadhani ni kachumbari ya parachichi ukachota kijiko. Tangawizi ya waridi unakula katikati, ukimaliza samaki mmoja kabla ya mwingine, kusafisha mdomo. Vijiti kama hujui omba uma, hakuna atakayekucheka, ila ukivitumia usivisimike wima kwenye wali wala usipokezane chakula kijiti kwa kijiti, kwa Wajapani hayo ni mambo ya msiba.

Sushi za kwenye mkanda unaozunguka alizianzisha Yoshiaki Shiraishi kule Osaka mwaka 1958, London zikapata umaarufu na YO! Sushi iliyofunguliwa Soho 1997, na kanuni ni ileile mpaka leo: rangi ya sahani ndo bei. Kabla hujanyoosha mkono tafuta ile karatasi ya rangi na bei, iko mezani au ukutani. Sahani ukishaitoa kwenye mkanda ni yako, usiirudishe hata kama hujaigusa, zipange moja juu ya nyingine mhudumu atakuja kuzihesabu. Kinachowaponza watu ni kwamba vinapita mbele ya macho, kila kimoja kinaonekana kidogo, kuja kushtuka mnara umefika kidevuni. Siku hizi sio kila tawi lina mkanda, mengine unaoda kwa simu tu, na kwa mfuko ni afadhali.

Bei ya chini zaidi ni zile za kubeba, maduka yanayoitwa itsu na Wasabi yako London na miji mingine mikubwa. Hapo keshia atakuuliza unakula hapahapa au unabeba, na jibu lako lina bei, maana chakula cha baridi cha kubeba hakilipiwi VAT, ukikaa ndani unalipa asilimia 20 ya VAT ndani yake. Kama kuna benchi nje na hakuna mvua, beba. Itsu kwa miaka wamejulikana kwa kushusha bei nusu ile nusu saa kabla ya kufunga, foleni utaiona. Supamaketi nazo jioni wanabandika stika za njano za kupunguza, ila wali wa sushi ukikaa kwenye friji unakuwa mgumu kama kiporo, mimi hiyo naiacha.

Kuna na zile za kula mpaka ushibe kwa bei moja. Soma masharti kwanza, karibu zote zina muda, saa moja na nusu au mbili, na nyingi zinakutoza kwa kila kipande ulichobakisha, kwa hiyo ule mchezo wa kula samaki na kuficha wali chini ya tishu wanaujua kuliko wewe. Odeni kidogokidogo, raundi ya kwanza sashimi, wali baadaye.

Kwa upande wa halali sushi ina mitego iliyojificha. Mirin ni pombe tamu ya mchele ya kupikia, inaweza kuwemo kwenye wali wenyewe, na kwenye ile sosi nzito ya mkunga na teriyaki ni kawaida kabisa. Soya sosi ya kuchachusha ina kilevi kidogo cha asili, masheikh wana maneno yao hapo na mimi sio wa kutoa fatwa. Gyoza, vile visambusa vya Kijapani, nyingi ni za nguruwe, supu ya rameni inayoitwa tonkotsu ni mifupa ya nguruwe. Wasabato na ndugu zetu wa Kishia wanaotaka samaki mwenye magamba, salmoni sawa, cod na haddock sawa, ila monkfish hana magamba, skate hana, pweza, ngisi, kaa na chaza mnajua wenyewe, na kamba Mshia anakula Msabato hali, kwa hiyo mkiwa meza moja kila mtu aode chake msichanganye sinia. Mjamzito aepuke chaza na jamii yake wabichi. Mwenye aleji aseme mapema, kisheria wanapaswa kukueleza kuhusu vitu 14, vikiwemo samaki, jamii ya kamba na kaa, jamii ya chaza na ngisi, soya na ufuta, na ufuta kwenye sushi unanyunyiziwa kila mahali.

Tukija kwenye migahawa ya samaki yenyewe, ile ya vitambaa vyeupe, London ina ya zamani kweli, J Sheekey karibu na kumbi za maigizo tangu 1896, Bentley's tangu 1916. Glasgow kuna Crabshakk mtaa wa Finnieston, Belfast kuna Mourne Seafood Bar, Brighton kuna English's, Edinburgh teremka mpaka Leith bandarini. Sio bei za kila wiki, ila ukipata kazi mpya au wazazi wamekuja, panda.

Hapa ndo ile kanuni yangu ya kuuliza inalipa. Ukiona kwenye menyu "market price" au bei imeandikwa "per 100g", simama hapohapo. Rafiki yangu aliona samaki mzima paundi 9 akafurahi, mahali penyewe sitaji, hakuona yale maneno madogo ya gramu 100, samaki akaja ana kilo 1.2. Piga hesabu, paundi 108, mchicha na viazi bado. Hakuna aliyemuibia, bei ilikuwa imeandikwa. Sema hivi: naomba mnipimie kwanza mniambie jumla, wanakwenda jikoni wanarudi na namba, ukiona kubwa uliza kama kuna mdogo zaidi au chukua mnofu wenye bei kamili. Kamba kochi nao ni hivyohivyo.

Chaza wanauzwa kwa mmoja au sita au dazeni, London paundi 3 na kitu mpaka 5 kwa mmoja sio ajabu. Wako wa aina mbili, "rock" wanapatikana mwaka mzima, "native" wa kienyeji msimu wao ni Septemba mpaka Aprili, ni ghali zaidi na ladha yao inakaa mdomoni. Wanaliwa wabichi juu ya barafu, unakamulia ndimu, tone la pilipili, unamwachanisha na gamba kwa kauma kadogo, unamimina mdomoni pamoja na maji yake, mtafune mara mbili tatu usimeze tu kama dawa. Borough Market pale London unaweza kununua hata watatu umesimama, ni njia nzuri ya kujaribu bila kukaa meza ya gharama.

Kome wanaletwa sufuria nzima, wengi wanatoka Scotland, na kwa bei yake ndo chakula cha baharini kinachoshibisha kuliko vyote huku. Mla wa kwanza kwa uma, afu hilo gamba tupu litumie kama koleo kuchomolea wengine, ambaye hajafunguka muache. Ila mchuzi wake wa kawaida, marinière, ni mvinyo mweupe. Uliza kama wana wa nyanya au wa kari wa nazi usio na mvinyo, sehemu nyingine wanao, na sehemu nyingine wanapikia palepale kwa hiyo wanaweza kuuacha. Kaa wa "dressed crab" ameshachambuliwa, nyama nyeupe na ya kahawia imerudishwa kwenye gamba, huna haja ya kupigana naye. Whitebait ni vidagaa vizima vya kukaanga, kichwa na mkia, oda ukikumbuka nyumbani.

Ukitaka migahawa hii kwa bei ya huruma nenda mchana, wengi wana menyu ya mchana ya sahani mbili au tatu kwa bei moja, au ile ya mapema jioni kabla ya maigizo, kama saa 11 mpaka saa 12 na nusu hivi, jiko ni lilelile na samaki ni haohao. Jumatatu wengi wanafunga. Jioni usifike saa 4 usiku ukategemea kupikiwa, jiko linaweza kufungwa saa 3 hata kama taa zinawaka. Ukibuku mtandaoni wanaweza kuchukua namba ya kadi, msipotokea wanakata kwa kichwa, kwa hiyo ukiona wenzako wa saa za kiswahili wanasitasita, futa mapema. Keshi pia sehemu nyingi hawapokei.

Na hili la nani analipa. Kwetu aliyesema twende tukale ndo mwenye bili, huku Mwingereza akisema twende tukale ana maana twende, kila mtu na kadi yake. Mara nyingi wanagawa sawa kwa sawa, wewe umekula supu na maji, mwenzio amekula kamba kochi na chupa, mnagawana. Kama hutaki, sema mwanzoni wakati wa kuoda, nitalipa changu peke yangu, mwanzoni ni kawaida kabisa, bili ikishafika mezani ndo inakuwa kero. Maji omba "tap water", mahali penye leseni ya pombe wanapaswa kukupa bure, ukisema maji tu wanaleta chupa.

Bili haiji mpaka uiombe, usikae nusu saa ukinung'unika wamekusahau, kwao kuileta bila kuitwa ni kukufukuza. Ikija tafuta mstari wa "service charge", London kawaida ni asilimia 12.5, yaani chakula cha paundi 80 kinakuwa 90. Ukiona imeandikwa "optional" au "discretionary" ni hiari, kama huduma ilikuwa mbovu unaweza kuomba waitoe na wanaitoa. Kama ilikuwa nzuri iache, tangu Oktoba 2024 sheria ya England, Wales na Scotland inataka pesa hiyo yote iende kwa wafanyakazi. Angalia tu mashine ya kadi, nyingine inakuuliza tena kama unataka kuongeza tipu 10, 15 au 20, na kama mstari wa kwanza ulishakuwepo kwenye bili bonyeza hapana, weka namba ya siri, chukua koti lako.